Farasi Asiye na Mwili: Juu ya Wauza Vidokezo vya Kamari



Kila inapotajwa kamari katika mahubiri na semina zetu, anayekemewa ni mchezaji. Huitwa mvivu, mpenda njia za mkato, mlaji wa karo ya watoto. Sisi wa Tume ya Haki na Amani hatukusudii kuurudia wimbo huo katika kurasa hizi. Mchezaji ana dhambi yake, na Sakramenti ya Kitubio ipo kwa ajili yake kama ilivyo kwa ajili yetu sote. Tunalotaka kulisema lamhusu mtu mwingine, ambaye hadi sasa amepita katikati yetu bila kuulizwa neno, tena akisalimiwa kwa heshima: yule atoaye vidokezo. Ndiye mwenye kuketi kwa kinyozi, katika kituo cha bodaboda, nje ya kanisa baada ya Misa ya pili, na siku hizi zaidi katika makundi ya simu, akiwaambia wenzake nani atashinda. Twasema bila kumung'unya maneno kwamba kazi hiyo, ikifanywa kwa malipo, ni wizi. Na ikifanywa bure, mara nyingi ni kumsafishia mwizi njia.

Tuanze na farasi, maana ubingwa huu wa kutabiri hapa kwetu ni mtoto wa mbio za farasi kabla haujawa wa mpira. Uwanja wa Ngong jijini Nairobi umeshuhudia mbio hizo tangu miaka ya 1950, chini ya Jockey Club of Kenya, na kabla yake walowezi walikuwa na viwanja vingine. Enzi za ukoloni Mwafrika aliingia pale akiwa saisi, mwenye kumlisha farasi na kumfagilia zizi. Kuweka dau na kulizungumzia ilikuwa ni starehe ya bwana. Leo vijana wa Kiafrika ndio wapandao farasi hao, na jukwaani wamo watu wa kila rangi.

Sasa msikilizeni mpenzi halisi wa mbio. Atakueleza farasi fulani alimaliza wa ngapi katika mbio zake tatu zilizopita, amebebeshwa uzani gani, hukimbia vyema katika masafa mafupi au marefu, hupenda udongo mkavu au uliolowa kwa mvua, na kama aliye mgongoni ni mkongwe au mwanagenzi. Hayo ni maarifa. Farasi yupo, ana mapafu na kwato, na mtu akimtazama kwa miaka mingi hujifunza jambo. Hatumdharau mtu huyo.

Lakini hata yeye, pamoja na elimu yake yote, ana hesabu ambayo haipendi. Katika utaratibu wa mfuko wa pamoja, uliobuniwa Ufaransa katika karne ya 19, madau yote hutiwa mahali pamoja, wenye mfuko hukata fungu lao kwanza, na kinachobaki ndicho hugawiwa waliopatia. Maana yake ni kwamba haitoshi kuwajua farasi. Sharti uwajue kuliko wote waliotia pesa mfukoni, tena uwapite kwa kiasi kinachozidi lile fungu lililokwisha kukatwa. Wawezao hilo ni wachache mno, na wale wachache hawana sababu ya kukunong'oneza lolote: kila anayemfuata mjuzi kwa farasi yule yule humpunguzia mjuzi malipo yake. Kwa hiyo neno ulilopewa jukwaani na mtu usiyemjua, kwa sauti ya siri, limekwisha kupoteza thamani kabla halijafika sikioni mwako.

Hayo ni ya Ngong, na waumini wetu wengi hawajapata kukanyaga Ngong. Wao wamepelekewa farasi wa namna nyingine. Ingieni katika duka la kamari katika mtaa wowote mkubwa wa mji wetu. Ukutani pana kioo, na katika kioo farasi wanakimbia, au mbwa, au timu za mpira zenye wachezaji wasio na nyuso. Mbio zikiisha, baada ya dakika chache zinaanza nyingine, tangu asubuhi hadi usiku, mvua inyeshe jua liwake. Farasi hao hawapo popote. Hawajazaliwa, hawali, hawachoki. Programu ya kompyuta imechagua namba kwa nasibu, kisha imechora picha ya mbio ili kuivika namba hiyo manyoya na vumbi. Malipo ya kila namba yamepangwa na kampuni tangu mwanzo kwa namna ambayo, kwa wingi wa madau, sehemu fulani itabaki kwake bila kukosa.

Na humo ndani, waumini wapendwa, hukosi kumkuta mjuzi! Ana kalamu sikioni na karatasi iliyojaa namba. Atakuambia namba 4 haijatoka tangu saa nne, kwa hiyo sasa imeiva. Atakuambia namba 2 hufuatana na namba 5. Wengine wanamzunguka, wanatikisa vichwa, wanachangia mawazo kama wazee wa baraza. Twauliza: ni ujuzi wa kitu gani huo? Programu haina kumbukumbu ya namba iliyotoka asubuhi. Haiwi na deni kwa namba 4. Lugha ya Ngong, lugha ya mwili na pumzi na udongo, imehamishiwa kwa kitu kisicho na mwili, na yule kijana aliyesimama pale na shilingi 50 za mwisho hadhani kwamba anabahatisha, bali anadhani kwamba anasoma. Ndiyo sababu hatoki. Mtu akijua kuwa anabahatisha huchoka mapema, lakini aliyeaminishwa kuwa anajifunza huvumilia hasara kama mwanafunzi avumiliavyo mitihani.

Turudi sasa kwa wale wauzao vidokezo vya mpira kwa simu, kwa kuwa ndio walioenea zaidi. Wengi wenu mmepokea ujumbe: mechi iliyopangwa, habari za ndani, lipa kiasi kadha upate matokeo. Tumewasikia Wakristo wenye akili timamu, hata walimu, wakiapa kwamba mtu fulani alipatia mara tano mfululizo kabla hajawadai hata senti moja. Hatuna shaka kwamba wanasema kweli. Hebu tuwaonyeshe jinsi ukweli huo unavyotengenezwa.

Mtu ana namba za simu 1,024. Jumamosi ya kwanza anachagua mechi moja. Nusu yao, 512, anawaambia yatafungwa mabao matatu au zaidi. Nusu ya pili anawaambia yatafungwa mawili au pungufu. Nusu moja lazima iwe imeambiwa kweli. Hao waliodanganywa anawaacha, hawasikii tena habari zake. Jumamosi ya pili anawagawa wale 512 kwa njia ile ile, wanabaki 256. Ya tatu, 128. Ya nne, 64. Ya tano, 32. Watu hao 32 wamemwona akipatia mara tano bila kukosea hata mara moja, wala hawajui lolote juu ya wale 992 walioachwa njiani. Jumamosi ya sita anawaomba kila mmoja shilingi 1,000, na wanatoa wakishukuru. Huyo hakuhitaji kujua timu hata moja. Hakuhitaji kujua kama mpira ni wa duara.

Wazee walisema mganga hajigangi. Huyu wa kwetu, ambaye ati anayajua matokeo ya Jumamosi siku ya Alhamisi, kwa nini asiweke dau yeye mwenyewe akanyamaza? Kwa nini aihangaikie shilingi yako elfu?

Wapo wengine ambao hawadai malipo kabisa, na hao ndio wanaosifiwa kuwa waungwana. Tahadharini nao zaidi. Kampuni nyingi za kamari humlipa mtu aletaye wachezaji wapya kwa namba maalum aliyopewa, na katika mapatano ya namna hiyo yaliyo ya kawaida, malipo yake hutoka katika kile walichopoteza wale aliowaleta. Soma tena sentensi hiyo, ndugu msomaji. Rafiki anayekupa vidokezo bure, akikusihi ujiandikishe kwa namba yake, hupata riziki yake pale wewe unapokosa. Kidokezo kikiwa kizuri, yeye hupungukiwa.

Ndiyo maana vidokezo vyao karibu daima huja kwa mafungu: mechi nane, kumi, kumi na tano, zilizofungwa pamoja katika kile vijana wanachokiita mkeka. Chukua mechi yenye pande mbili zilizo sawa kama sarafu. Malipo ya haki yangekuwa mara 2 ya dau. Kampuni hukupa, tuseme, mara 1.90. Imekukata senti 5 katika kila shilingi, jambo ambalo mtu aweza kulivumilia kama nauli. Sasa funga mechi kumi za namna hiyo. Uwezekano wa kupatia zote ni mara moja katika 1,024, hivyo malipo ya haki kwa dau la shilingi 100 yangekuwa shilingi 102,400. Utakayopewa ni takriban 61,310. Kile kipande cha senti 5 kimejizidisha mara kumi mpaka kimekula sehemu ya asilimia 40. Kijana huziona zile 61,310 tu. Zile 41,090 zilizotolewa hakuna aliyemwonyesha, na mtoa vidokezo ndiye wa mwisho atakayemwonyesha.

Na zile jakipoti za mechi 17, kila mechi ikiwa na matokeo matatu, zina njia 129,140,163 za kuzijaza. Wakenya wote waliohesabiwa mwaka 2019 hawakufika milioni 48. Ni kweli si njia zote zilizo sawa, maana timu kubwa hushinda mara nyingi zaidi. Hilo hupunguza giza kidogo, halileti mchana. Mshindi mmoja akipatikana, picha yake hutundikwa kila mahali akiwa ameshika hundi kubwa kama mlango. Laiti wangetundika pia picha za wengine wote, kuta za nchi hii zisingetosha.

Haya maongezi ndiyo tunayoyashitaki hasa. Kamari bila maongezi ingekuwa ni upweke, na wengi wangeuacha. Maongezi ndiyo yaipayo heshima. Sikilizeni maneno yenyewe: mtu hasemi amepoteza, husema mechi moja imemchania mkeka. Mechi moja tu! Kana kwamba tisa zilizopatia zilimletea ugali. Hasemi anacheza, husema anawekeza. Aliyeshinda hununulia wenzake soda na kusimulia kwa juma zima. Aliyepoteza hunyamaza, huaga mapema, na mkewe ndiye wa kwanza kujua. Hivyo katika kila kijiwe panajengeka hesabu ya uongo ambayo ndani yake watu hushinda kila siku, ingawa hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikuwa wamewahi kucheza kamari, idadi iliyozidi nchi nyingine za Kiafrika zilizochunguzwa. Hao hawakuvutwa wote na matangazo. Wengi walivutwa na mtu wa kwao.

Tena simu imeondoa hata ule mwendo wa kwenda dukani, ambao zamani ulimpa mtu nafasi ya kutubu njiani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mshahara, kibarua, pesa za chama na za mazishi hupita katika chombo kile kile ambamo dau huwekwa. Na tangu Fuliza ianzishwe mwaka 2019, mtu aweza kutumia hata asichokuwa nacho. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa. Ila mwenye kibaba hiki si sisi.

Kanisa linafundisha nini? Wapo wanaotarajia tuseme kamari ni dhambi, basi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, haisemi hivyo. Katika namba 2413 inakubali kwamba michezo ya bahati na ya kuwekeana dau, yenyewe kwa asili yake, haipingani na haki; huwa kosa pale inapomnyima mtu yaliyo ya lazima kwa mahitaji yake na ya wengine, na inaonya kwamba mapenzi ya kamari yaweza kuwa utumwa. Hapo hapo inaudhukumu vikali mchezo usio wa haki na ule wa ulaghai. Tuwe waaminifu kwa fundisho hilo lote, sehemu zake zote mbili. Mzee anayeweka shilingi chache kwa farasi wa Ngong mara moja kwa mwaka hatuna ugomvi naye.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwenda ndani zaidi. Katika Summa yake, anapozungumzia sadaka, anauliza iwapo mtu aweza kutoa sadaka kutokana na pesa za kete. Jibu lake lagusa mambo matatu. Ameshika kimakosa aliyeshinda mali ya wasio na mamlaka ya kuitoa, kama watoto na wenye kichaa. Ameshika kimakosa aliyemvuta mwenzake mchezoni kwa tamaa ya faida. Na ameshika kimakosa aliyeshinda kwa hila. Hao wote, asema, wana wajibu wa kurudisha, na kwa sababu hiyo hawawezi kuitoa kuwa sadaka, maana haikuwa yao. Mtakatifu huyo aliishi katika karne ya 13 na hakuwahi kuiona simu. Lakini tukitafuta jina la kazi ya huyu atoaye vidokezo, tutalipata katika lile jambo la pili, na mara nyingi katika la tatu pia. Nabii Isaya naye, katika sura ya 65, aliwashutumu wale waliomwacha Bwana wakaiandalia Bahati meza. Tumeitafakari aya hiyo mara nyingi. Meza hiyo haikujiandaa. Palikuwa na mpishi.

Tunajibiwa kwamba pesa ni za mtu mwenyewe. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama pesa ya baba wa watoto wanne ingekuwa yake peke yake, na kama aliyempotosha angekuwa amemweleza hesabu tuliyoieleza hapo juu. Tunajibiwa pia kwamba kamari huleta ajira na ushuru. Huleta, kwa kweli. Mwaka 2019 serikali ilipokataa kufufua leseni, kampuni mbili kubwa zilifunga kazi, watu wakapoteza ajira, na vilabu vya mpira vikapoteza mfadhili. Hatukufurahia. Lakini nchi ambayo vijana wake wanategemea hasara ya vijana wenzao ili wapate mshahara, imewakosea wote wawili, na lawama ya kukosekana kwa kazi haiwezi kufutwa kwa kutaja mapato yanayotokana na kukosekana huko.

Sheria imeanza kuamka. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti 2025 ikatiwa saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, mahali pa ile ya mwaka 1966. Twaipokea kwa shukrani, tukikumbuka kwamba sheria humfikia mwenye leseni, na wauza vidokezo tuliowataja hawana leseni ya kunyang'anywa. Kwao, chombo kilicho karibu zaidi ni jumuiya.

Kwa hiyo twaomba mambo haya yatendwe. Katika kila Jumuiya Ndogo, ile hesabu ya watu 1,024 isomwe kwa sauti na ichorwe mbele ya vijana, kwa chaki au kwa mkaa. Ukiwaonyesha mara moja hawaisahau. Kiongozi yeyote wa walei, awe wa kwaya, wa vijana au wa baraza la parokia, anayepokea malipo kwa kuleta wachezaji au kuuza vidokezo, achague kati ya kazi hiyo na uongozi wake, na tusimwone haya kumwambia. Wake kwa waume walioingia katika madeni ya simu wasipelekwe mbele ya watu kama mfano mbaya. Waketishwe faraghani na mweka hazina wa chama, deni liandikwe, na mpango wa kulilipa ufanywe bila kejeli.

Halafu kuna harambee. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika parokia ya Soweto, akaagiza urudishwe, na nchi nzima ikaona kwamba Kanisa laweza kukosa bati la paa na lisife. Yale yaliyotendwa kwa mkuu wa nchi hayawezi kushindikana kwa mwenye duka la kamari mtaani, wala kwa kijana maarufu wa vidokezo ajaye siku ya mavuno na bahasha nene. Kamati za ujenzi ziulize pesa imetoka wapi kabla ya kutangaza jina madhabahuni. Ikiwa imetoka huko, irudishwe kwa adabu, pamoja na barua yenye sahihi ya mwenyekiti wa parokia ikimshauri mtoaji awatafute wale aliowachukulia. Nakala ya barua hiyo iletwe kwa Tume kabla ya Jumapili ya Matawi.